Nukta ya Kisima cha Amaro

Alikuja muuzaji kutoka mji mkuu, viatu vyake havijui tope,
akatandaza ramani yake ukutani kama zulia la harusi:
mito ikameta, misitu ikapumua,
bei ikatajwa mwisho, kwa sauti ya chini,
kama watu wanavyotaja ugonjwa.
Eladio, mweka hazina, akafunga daftari.
Fedha ile ingeziba mashimo yote ya barabara ya Vilarmouro
na ikabaki ya taa.

Basi tukatafuta ya bure.
Sisi watatu, ofisi ya maji, chumba kimoja,
hita moja inayokohoa,
na visima mia mbili na kumi na sita ndani ya kabati la chuma,
visima vya karatasi,
vilivyopimwa miaka kumi na mmoja na kusomwa na panya.

Brais, kijana wa mafunzo, akaleta ya kwanza.
Nzuri, jamani, nzuri! Lakini ilikula desimali:
hamsini nukta nne ikawa hamsini kamili,
na hamsini ndio mpaka wa sheria.
Ramani inayosamehe dhambi si ramani, ni padri.

Ya pili ilitaka seva,
seva ikataka fundi,
fundi akataka mshahara.

Ya tatu ilikuwa na sura ya fomu ya kodi.
Rangi tatu, herufi nene, mshale wa kurudi nyuma.
Waliitunga watu wasiofahamiana, usiku, baada ya kazi zao,
wakauacha mlango wazi: ingia, rekebisha, usifunge.
Mmoja wao, hatumjui, aliitafsiri kwa Kigalisia,
na kisima akakiita kwa neno la bibi yangu, si la kamusi.
Tukampelekea Dosinda, miaka themanini na mmoja, simu yenye ufa.
Akagusa. Akangoja.
"Hapa kwangu. Hapa kwa Amaro.
Mbona kwa Amaro pamekuwa pekundu?"

Hapo tulijua tumechagua.
Brais alipiga makofi.
Mimi niliangalia hita.

Amaro ni kaka yangu.
Nguruwe elfu moja na mia nne,
bwawa la samadi nyuma ya banda alilojenga baba,
naitreti themanini na saba nukta sita.
Kabatini ilikuwa namba tu.
Namba haina jirani. Ramani inaye.

Usiku wa kuifungua kwa umma nilikaa mbele ya kitufe
muda wa birika mbili za kahawa.
Pembeni palikuwa na chaguo dogo: ficha tabaka.
Watunzi hawakulificha chaguo hilo,
waaminifu hadi kwenye mwanya wa uongo.
Wahenga walishamsema mficha maradhi;
hawakusema ufanyeje maradhi yakiwa ya nduguyo.

Nikabonyeza.

Krismasi, kiti chake kilikaliwa na makoti.
Watu wakanunua maji ya chupa,
wengine wakawa wananisalimu kwa kidevu.
Dukani mtu akaniambia: "Hiyo bure yenu
imeshusha bei ya nyumba yangu."
Sikuwa na jibu. Nililipia chumvi nikatoka.

Februari, simu. Sauti ya Amaro, bila salamu:
"Nukta yenu mmeikosea. Mmeiweka ndani ya banda.
Kisima kiko nje ya ukuta, mita kumi na mbili magharibi,
pale ulipovunjika jino."
Nikafungua. Kweli.
Nikaishika nukta kwa kidole, nikaivuta polepole,
ikapita paa, ikapita ukuta,
ikatua kwenye nyasi za utoto wetu,
nyekundu vilevile.
"Hapo?"
Nyuma yake nilisikia nguruwe, na mvua juu ya bati.
"Hapo," akasema.
Kisha, kama mtu anayeulizia saa za basi:
"Mnakuja lini kupima tena?"